Tifutifu: Hali ya Udongo Iliyogeuzwa Kuwa Aina

Karibu kila kijitabu cha ushauri wa kilimo kinachoandikwa kwa Kiswahili, kiwe cha karanga, cha viazi mviringo, cha vitunguu au cha mahindi, humweleza mkulima kwamba zao husika hustawi katika udongo tifutifu usiotuamisha maji, kisha huendelea moja kwa moja na nafasi za kupandia na viwango vya mbolea, kana kwamba neno hilo halihitaji ufafanuzi wowote. Linauhitaji, kwa sababu Kiswahili cha leo kinalitumia kwa maana mbili zisizolingana: ya kwanza ni ya mkono na jembe, nayo hutaja hali ya udongo unaovunjika kwa urahisi ukawa laini na mwepesi, ya pili ni ya darasani, nayo hutaja kundi moja la udongo lililowekwa kati ya kichanga na mfinyanzi. Maana hizi huchukuliwa kuwa kitu kimoja, na kwa kuchukuliwa hivyo hupotea jambo la msingi, kwamba utifutifu ni hali inayoweza kutengenezwa na pia kuharibiwa.

Kwa umbo, tifutifu ni neno la uradidi, yaani neno linaloundwa kwa kurudia shina zima, kama ilivyo kwa majimaji na mafutamafuta, ambamo kurudia hakuongezi idadi bali huleta maana ya hali iliyoenea katika kitu chote. Kisarufi ni kivumishi kisichopokea kiambishi cha upatanisho, hivyo husemwa udongo tifutifu, ardhi tifutifu na matuta tifutifu bila neno lenyewe kubadilika, sawa na safi, bora na imara. Waandishi wengine huliunganisha kwa kihusishi wakaandika udongo wa tifutifu, na matumizi hayo, ingawa yanaonekana madogo, yana athari yake, maana hulisogeza neno kutoka kwenye sifa kuelekea kwenye jina: udongo tifutifu ni udongo ulivyo sasa, ilhali udongo wa tifutifu ni udongo wa aina fulani.

Ndugu wa karibu wa neno hili ni kitenzi tifua, chenye maana ya kuvuruga na kulegeza udongo uliotulia, na pia ya kurusha vumbi juu. Kutoka kwake hupatikana tifuka, hali ya udongo kulegea au vumbi kupaa, na tifuliwa, ambalo ndilo linalotumika shamba linapoandaliwa kwa kilimo. Kitenzi kina upana zaidi kuliko kivumishi, kwa kuwa hukusanya chini ya paa moja kazi ya mkulima anayelegeza ardhi na kazi ya ng'ombe wanaopita njiani wakaacha wingu la vumbi nyuma yao. Magazeti ya michezo ya Tanzania yameupenda upande huo wa pili, yakitumia kutifuana na mtifuano, maneno yanayotaja mechi kali ya timu mbili zisizoachiana nafasi, na hata kurasa za siasa hazijabaki nyuma panapokuwa na kinyang'anyiro cha ubunge. Msomaji wa leo wa mjini huenda akakutana na mtifuano mara kumi kabla ya kukutana na udongo tifutifu mara moja, jambo ambalo halina ubaya wowote kwa lugha, ila linaeleza kwa nini neno la asili limeanza kuonekana la kitaalamu ilhali lilikuwa la kawaida kabisa.

Mipaka ya maana ya tifutifu huonekana vizuri zaidi neno likiwekwa pamoja na majirani zake, kwa kuwa Kiswahili kina maneno mengi ya vitu vinavyovunjika vipande vidogo na kila moja limeshika eneo lake. Kumeguka ni kutoka kwa kipande kizima kwenye kitu kikubwa, kama tonge la ugali. Kupukutika ni kudondoka kwa vitu vikavu kimoja baada ya kingine, kama majani ya mti wakati wa kiangazi. Kumumunyika ni kulainika na kuyeyuka mdomoni pasipo kutafunwa. Chenga ni vipande vya punje zilizovunjika, hasa za mchele, na ndiyo maana picha ya televisheni iliyojaa vidoadoa husemwa kuwa ina chenga. Mhogo au kiazi kilichoiva kikafunguka kwa ulaini mkavu husifiwa kwa kusemwa kuwa kina unga, wala hakiitwi tifutifu, kwa kuwa neno hili limebaki na ardhi na halikuwahi kuingia jikoni kwa nguvu yoyote. Jirani anayestahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni momonyoka, kitenzi cha kitu kinachovunjikavunjika na kuporomoka kidogokidogo, ambacho wataalamu wamekitolea istilahi mmomonyoko wa udongo. Tofauti yake na tifutifu ni kwamba kinachomomonyoka kinaondoka mahali pake, na kilicho tifutifu kimelegea lakini bado kipo. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha shamba lililoandaliwa na korongo.

Maana ya darasani ina historia nyingine. Vitabu vya shule humfundisha mwanafunzi kwamba udongo ni wa aina tatu, yaani kichanga, mfinyanzi na tifutifu, na neno la tatu limetumika kutafsiri dhana ya sayansi ya udongo ambayo haihusu kuvunjika hata kidogo, bali inahusu mchanganyiko wa chembe za ukubwa mbalimbali. Katika mfumo wa Marekani, unaotumika sana duniani, chembe yenye kipenyo cha kati ya milimita 2 na 0.05 huhesabiwa kuwa mchanga, ya kati ya milimita 0.05 na 0.002 huwekwa katika kundi la kati, ambalo mito na mafuriko hulibeba kwa urahisi na kuliacha mabondeni, na iliyo ndogo kuliko milimita 0.002 ni mfinyanzi. Kundi ambalo Kiswahili kimeliita tifutifu ni udongo wenye mfinyanzi kati ya asilimia 7 na 27, chembe za kundi la kati asilimia 28 hadi 50, na mchanga usiofika asilimia 52 au unaoishia hapo. Hesabu hizo hupatikana maabara kwa kutenganisha chembe moja moja baada ya kuondoa kila kitu kinachozishikanisha, na hapo ndipo penye utata wote, kwa sababu kinachoondolewa ili kupima kundi ndicho hasa kinachofanya udongo uwe tifutifu kwa maana ya asili.

Chembe za udongo shambani haziishi peke yake. Huungana katika vibonge vidogo, vingi vikiwa na ukubwa wa kati ya punje ya ulezi na punje ya mtama, ambavyo hushikana kwa nguvu ndogo inayotosha kuvifanya visimame lakini isiyotosha kuvizuia kuachana vinapoguswa. Gundi ya vibonge hivyo ni ya namna nyingi: mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza kabisa; nyuzi nyembamba za kuvu zinazotambaa kati ya chembe; ute unaotolewa na mizizi na bakteria; chokaa, ambayo huvuta chembe za mfinyanzi zikaribiane; na madini ya chuma yanayoupa udongo wa nchi za joto rangi yake nyekundu. Nyungunyungu nao wana sehemu yao, kwa kuwa hupitisha udongo tumboni na kuutoa ukiwa umefinyangwa vibonge, kazi ambayo Charles Darwin aliichunguza kwa miaka mingi na kuiandikia kitabu kizima mwaka 1881. Kati ya vibonge hubaki nafasi, na katika udongo wenye afya nafasi hizo hukaribia nusu ya ujazo wote, zile pana zikiwa za hewa na za kupitishia maji ya mvua, zile nyembamba zikiwa za kuyahifadhi maji hayo kwa ajili ya mizizi. Kwa hiyo maneno mawili ya vijitabu, tifutifu na usiotuamisha maji, hayataji sifa mbili zilizokaa pamoja kwa bahati. La pili ni matokeo ya la kwanza.

Kuvunjika huko kumewahi kupimwa kwa njia iliyo rahisi kiasi cha kushangaza. Mwaka 1911 mkemia wa Sweden aitwaye Albert Atterberg aliandika juu ya mipaka ya unyevu ambayo udongo huivuka ukibadilika kutoka uji kuwa kitu kinachofinyangika, na kutoka kufinyangika kuwa kitu kinachovunjika. Mpaka wa mwisho hupatikana kwa kuviringisha udongo chini ya kiganja mpaka uwe kamba nyembamba: ikiwa kamba inafika unene wa milimita 3 hivi bila kukatika, udongo bado una maji mengi na utafinyangika, ikianza kukatikakatika katika unene huo, mpaka umefikiwa. Wahandisi wa barabara na majengo wanaitumia njia hiyo mpaka leo. Kwa mkulima, unyevu ulio chini kidogo ya mpaka huo ndio unaofaa kwa jembe, kwa sababu hapo ndipo udongo huvunjika kwa nguvu ndogo bila kugandamana na bila kuwa vumbi, na kinachobainika ni kwamba utifutifu hauwezi kutajwa bila kutajwa unyevu, kwani udongo uleule wa mfinyanzi huwa tope asubuhi baada ya mvua, tifutifu siku kadhaa baadaye, na tofali kiangazi kikikomaa.

Mfano unaoonyesha umbali uliopo kati ya maana hizi mbili ni udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kenya, hasa Kabete na maeneo ya jirani yake, ambao katika uainishaji wa kimataifa huitwa nitisoli. Ukipelekwa maabara, udongo huo hutoa mfinyanzi unaozidi mara nyingi nusu ya uzito wake, kwa hiyo kwa hesabu za darasani ni mfinyanzi mzito usio na nafasi yoyote katika kundi la tifutifu. Ukishikwa mkononi ukiwa na unyevu wa kadiri, unavunjika vibonge vidogo vinavyong'aa pembeni, unapitisha maji vizuri na mizizi hushuka ndani yake bila taabu, na ndiyo maana maandishi ya zamani ya Kiingereza yaliuweka katika kundi hilohilo la tifutifu kwa kuuita kwa rangi yake na kwa jina la Wakikuyu. Madini ya chuma yamezifunga chembe za mfinyanzi kwa uthabiti kiasi kwamba hazionyeshi tabia ya mfinyanzi. Waliouita hivyo waliamini mikono yao, na kwa upande wa kilimo mikono hiyo haikukosea. Iliyokuwa na upungufu ni istilahi, ambayo ilitaka neno moja libebe uwiano wa chembe na tabia ya udongo kwa pamoja.

Gharama ya kutozingatia tabia hiyo iliwahi kuonekana Tanganyika kwa kiwango kisichosahaulika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache, sehemu kubwa ukiwa angani, ukarudi na pendekezo la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3. Mwaka uliofuata kazi ilianza Kongwa, katika nchi ya Wagogo, na baadaye Urambo na Nachingwea. Sababu za kushindwa kwa Mpango wa Karanga ni nyingi na zimeandikwa sana: mitambo mikuukuu ya jeshi, mizizi ya vichaka iliyovunja majembe ya matrekta, bandari na reli zisizotosha, mvua isiyotabirika. Udongo wenyewe unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa karanga ni zao ambalo hatima yake iko ndani ya udongo kwa namna isiyo ya mazao mengi. Ua la karanga likishachavushwa hunyauka, kisha kikonyo kirefu chenye ncha hushuka kutoka kwenye shina, hutoboa ardhi na kukuzia ganda na punje gizani. Ardhi ikiwa ngumu wakati wa kushuka, kikonyo hakiingii, na ikiwa ngumu wakati wa kuvuna, mmea hung'olewa ukitoka mtupu na karanga zikabaki chini.

Udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi wa kutosha kuushikamanisha na mchanga mkali wa kutosha kula vyuma vya majembe. Wakati wa mvua ulilimika, na mtu aliyeutazama msimu huo angeweza kwa haki kuuita tifutifu. Mvua zilipokatika ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, na ndio wakati ambao karanga zilipaswa kutolewa. Serikali ya Uingereza ilitangaza mwisho wa mpango mwezi Januari 1951, ikiwa imepoteza takriban pauni milioni 36. Wagogo waliokuwa wakiishi humo walikuwa na mifugo na mtama, na hawakuwa wamefunika nchi yao kwa karanga, ukweli ambao ujumbe uliokuwa angani ungeweza kuupata bure kama ungeshuka na kuuliza.

Kuuliza huko hakukuwa jambo geni kwa wanasayansi wote wa wakati ule. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani milimani Usambara, alieleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana kutoka kilele cha kilima hadi bondeni kwa mpangilio unaojirudia, wazo linalofundishwa leo katika vyuo vya kilimo duniani kote. Wasukuma walikuwa na majina ya mfuatano huo kabla yake: luseni kwa kichanga cha juu karibu na miamba, itogolo kwa udongo unaoganda ukawa mgumu, mbuga kwa mfinyanzi mweusi wa chini unaopasuka kiangazi. Majina hayo yanaeleza kwa pamoja mahali, rangi na tabia chini ya jembe, na hakuna linalofanana na mgawanyo wa aina tatu wa vitabu vya shule.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao sifa nzuri ya neno huuficha. Udongo unaweza kutifuliwa kupita kiasi. Katika miteremko ya Kilimanjaro, Meru na Rungwe, ambako udongo umetokana na majivu ya volkano, ardhi ni nyepesi isivyo kawaida, sentimita moja ya ujazo ikiwa na uzito wa gramu zisizofika 0.9 wakati udongo wa kawaida hukaribia gramu 1.3, na ndiyo sababu viazi mviringo hutanuka humo bila kupinda. Lakini sehemu zilizolimwa mara nyingi na kuachwa wazi hukauka zikawa vumbi ambalo upepo hulibeba na maji hulisomba. Shambani kokote, plau na haro zikipita mara nyingi mno husaga vibonge vyenyewe, mboji iliyokuwa imejificha ndani yake ikakutana na hewa na kuisha haraka, na mvua ya kwanza ikapiga vumbi hilo na kuziba vitundu vya juu kwa ganda jembamba ambalo mche mchanga hauwezi kulipasua. Shamba hilo, lililoonekana laini kuliko yote siku ya kupanda, huwa gumu kuliko yote baada ya wiki mbili. Hapa Kiswahili kingenufaika kwa kutunza tofauti ambayo kivumishi kinayo na kitenzi hakina: udongo tifutifu una vibonge, vumbi halina, na kutifua kunaweza kuzaa lolote kati ya hayo mawili.

Kinyume chake, ardhi ngumu inaweza kuletwa kwenye utifutifu bila hesabu zake za maabara kubadilika hata asilimia moja. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, hulima miteremko mikali kwa mfumo wa ngoro, ambamo nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi hizo, yakabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta na mahindi hufuata msimu unaokuja, na nyasi zinazooza chini yake hulegeza udongo huku mashimo yakizuia maji kuteremka. Samadi, mabaki ya mazao yasiyochomwa na mimea ya kunde hufanya kazi hiyohiyo kwa mwendo wa polepole. Hata kuberega, yaani kupanda bila kulima kama ifanyikavyo katika mikoa ya kati ya Tanzania, ambako maofisa ugani waliwahi kukuchukulia kuwa ni uvivu, kuna mantiki mahali ambapo ardhi iliyofunikwa hupoteza vibonge vichache kuliko iliyogeuzwa; tatizo lake ni pale panapokuwa hapana chochote cha kuifunikia.

Istilahi zikishaenea ni vigumu kuzirudisha nyuma, na hakuna sababu ya kulifuta neno tifutifu katika orodha ya makundi, ambamo limekaa kwa miongo mingi na kuzoeleka. Linalowezekana ni kamusi kuziandika maana zake mbili kwa namba tofauti, na vitabu vya shule kuongeza sentensi moja inayosema kwamba mfinyanzi na hata kichanga vinaweza kuwa tifutifu vikitunzwa. Vijitabu vya kilimo navyo vingeweza kuacha kuandika kwamba zao linahitaji udongo wa tifutifu, vikaandika kwamba udongo utifuliwe na urutubishwe mpaka uwe tifutifu, badiliko la maneno machache linaloiweka kazi mikononi mwa mkulima pale ambapo maneno ya sasa yanamwambia atafute shamba jingine.

Kipimo cha utifutifu hakihitaji chombo. Udongo huchukuliwa kutoka kina cha jembe, si wa juu uliokaushwa na jua, ukafinywa kiganjani mpaka uwe bonge, na bonge likaachwa lianguke kutoka usawa wa kifua. Likitua likabonyea bila kupasuka, maji bado ni mengi na trekta au jembe litakaloingia siku hiyo litaacha mabapa yatakayokauka yakawa mawe. Udongo ukikataa kabisa kushikana ukiwa mkononi, ni kichanga au umekauka mno. Bonge likipasuka vipande vingi visivyolingana, kazi inaweza kuanza siku hiyo, iwe ni Kabete kwenye mfinyanzi mwekundu au Rungwe kwenye majivu ya volkano.